Pumzi ya vidudu vya kinamasi

Kupumua ni nini? Wengi wetu tutajibu: ni kuvuta hewa. Jibu hilo halitoshi. Kila kiumbe kinachokula huondoa elektroni katika chakula chake, nazo sharti zipate mpokezi. Kwetu sisi mpokezi ni oksijeni.

Tutazame sasa misitu ya maji katikati ya bonde la Kongo, upande wa Mbandaka na ng'ambo ya mto. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba chini yake kuna mboji ya kilometa mraba 145,500 hivi, mahali pengine yenye kina cha karibu meta 6. Maji yameifunika, oksijeni haifiki. Hata hivyo vidudu vinaishi. Vyapumua nini?

Vyapumua mboji yenyewe! Mwaka 1996 Derek Lovley na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba bakteria huweza kukabidhi elektroni zao kwa yale mabaki meusi ya mimea, yanayotia maji rangi ya chai. Ndani yake mna sehemu ziitwazo kwinoni. Hizo ndizo wapokezi. Kumbe mabaki yale yale ni chakula na pumzi pia. Wapokezi wakiwapo, vidudu hutoa gazi ya karboni, na vile vinavyofanya metani hubaki na kazi ndogo. Wapokezi wakijaa, metani huongezeka. Kiangazi maji yakishuka, oksijeni huingia juu juu na kuwatua wapokezi mzigo, wakaanza tena. Lakini kinamasi kikikauka kabisa, oksijeni yasaidia vidudu kula mboji iliyokusanyika kwa zaidi ya miaka 10,000.