Majivu ya Jikoni na Amana ya Mboga

Mama mmoja wa hapa Mazwi alitujia baada ya sala ya Alasiri, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe aliopimiwa kwa kijiko, usio na jina wala maelezo. Mchicha wake ulikuwa umeshikwa na vidukari, na keshoye alitaka kuupeleka sokoni. Akatuuliza, "Ndugu zangu, nikiunyunyiza leo, yafaa kuuza kesho?"

Tulimwambia asiunyunyize. Lakini kumwambia mtu "usifanye" hakumlishi mtoto wake. Basi tumeona ni wajibu wetu kueleza pia lipi la kufanya.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba kudanganywa na unga ni kosa la wasiosoma. Dunia nzima iliwahi kuushangilia unga wa DDT, hata Paul Müller wa Uswisi akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kugundua nguvu yake ya kuua wadudu. Baadaye ikadhihirika kwamba dawa ile haiozi upesi, bali hujilimbikiza katika mafuta ya miili ya viumbe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaiondoa mashambani.

Ilhali katika nyumba nyingi za Ufipa uko unga mwingine usionunuliwa, nao ni majivu ya kuni. Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, walipoingia Tanzania, mkoa huu wa Rukwa ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kuwaona. Wakulima wadogo wengi wa Afrika waliwakabili kwa kutia majivu au mchanga ndani ya moyo wa mhindi, pale kiwavi anapojificha.

Majivu hayaui kama sumu iuavyo. Ngozi ya mdudu imepakwa nta nyembamba izuiayo maji ya mwilini yasipotee. Chembe kavu za majivu huikwaruza na kuinyonya nta hiyo, naye mdudu hukauka. Kwa hiyo nguvu yote ya majivu ni katika ukavu wake: yakilowa, hayana kazi. Ndiyo maana huwafaa zaidi wenye bustani za mabondeni wakati wa kiangazi kuliko masika, mvua inyeshapo kila siku.

Yatumiwe hivi. Kwanza, yawe majivu ya kuni tupu, si ya plastiki wala ya mbao zilizopakwa rangi. Pili, yapoe kabisa, kisha yachekechwe. Tatu, yanyunyizwe kidogo kidogo asubuhi, umande ungali juu ya majani, ili yashike na kukauka hapo. Na maji ya kumwagilia yatiwe shinani. Nne, mvua ikiyaosha, yarudiwe. Tano, yasizidi kiasi, maana majivu mengi hutia ardhi magadi na kuunguza miche michanga. Wala tusiyape sifa yasiyokuwa nayo: kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya kabichi hayatamfikia, huyo huondolewa kwa mkono.

Maharage ya ghalani nayo huchanganywa na majivu makavu. Hapo kazi yake ni mbili: kuwakausha wadudu, na kujaza nafasi baina ya punje na punje hata wasipate njia ya kupita na kuzaana. Lakini konzi moja katika gunia zima haifui dafu; sharti majivu yaenee kila mahali.

Uko tena unga wa maua ya pareto, ambayo hulimwa katika nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya, na unga wa majani makavu ya utupa. Hapa twawaonya vijana wetu: kitu kuwa cha shambani si dalili ya kuwa hakidhuru. Pareto huua nyuki pamoja na vidukari. Basi itumiwe jioni, nyuki wamekwisha kurudi mzingani, nayo jua la kesho litaipunguza nguvu. Utupa ndio ule ule ambao watu waliutumia kulevya samaki mitoni. Usioshe chombo chake penye kijito ambacho jirani yako wa chini anateka maji.

Yule mama tulimshauri aipeleke karatasi yake kwa bwana shamba, asiitupe jalalani wala asiiweke jikoni karibu na unga wa ugali, watoto wakaja kuidhania chakula. Vidukari akavimwagia maji kwa nguvu mpaka vikaanguka, majani yaliyoharibika sana akayang'oa, na yaliyobaki akayanyunyizia majivu. Sokoni alichelewa siku kadhaa, na mafungu yake yakawa machache.

Hasara ile ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini mnunuzi haoni kilichonyunyiziwa mboga. Huona ukijani wake tu, akamwamini muuzaji, akaenda kuwapikia wanawe. Imani hiyo ni amana, na jani lenye tundu moja au mawili ni bora kuliko jani zima ambalo mwenyewe uliyelilima hungethubutu kulila.

Mwenyezi Mungu azibariki bustani zetu, na atujaalie kuuza kile tu tunachokipenda kwa watoto wetu.