Shotigani ya Kukoki: Shabaha na Kukwama

Winchester ya mwaka 1897 iliyobuniwa na John Browning, Remington 870 ya 1950 na Mossberg 500 ya 1961 zote hufanya kazi kwa mwendo mmoja: mkono wa mbele ukivutwa nyuma, ganda tupu hutoka, ukisukumwa mbele, risasi mpya huingia chemba. Toleo la bei kubwa huongeza kitako cha mbao nzuri na chuma kilichong'arishwa kwa nje. Malalamiko ya wanunuzi, hata hivyo, huhusu zaidi mtutu na chemba, na humo ndani bei haidhamini kitu.

Mtutu wa kawaida wa shotigani ni laini ndani, na wa geji 12 una kipenyo cha karibu milimita 18.5. Nchini Marekani mtawanyiko wa marisau hupimwa kwa umbali wa yadi 40, yaani mita 37 hivi, kwa kuhesabu yale yaliyoingia kwenye duara la inchi 30. Mtutu uliobanwa kabisa mdomoni hutarajiwa kuingiza asilimia 70, usiobanwa asilimia 40. Hizo ni za wastani tu. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja huweza kutawanya risasi ileile kwa namna tofauti, kwa hiyo mwenye bunduki hana budi kujaribu aina kadhaa kwenye karatasi.

Risasi za kipande kimoja ndizo huvunja moyo zaidi. Zile ghali zilizofunikwa kwa kifuko cha plastiki zimetengenezwa kwa mitutu yenye michirizi ya kuzizungusha. Zikipigwa kwenye mtutu laini hazizunguki vya kutosha. Huyumba hewani, na pengine tundu kwenye karatasi huwa refu kwa sababu risasi imegonga kwa ubavu. Mpigaji huilaumu bunduki, kumbe amenunua risasi isiyo yake. Lakini bunduki ikiegemezwa imara, ikapewa risasi inayoifaa, na bado ikapiga pembeni mahali palepale, basi kasoro ni ya mtutu au ya kilengeo, na mnunuzi ana sababu nzuri ya kuirudisha.

Kukwama kuna chanzo kinachojulikana. Risasi inapolipuka, kitako cha ganda hutanuka na kubana ukuta wa chemba. Cha shaba hunywea upesi; cha chuma, kinachotumika kwenye risasi nyingi za bei nafuu, huchelewa kuachia. Chemba ikiwa na mikwaruzo iliyoachwa na mashine, ganda hung'ang'ania na mkono wa kukokia haurudi hata kwa nguvu. Kwa bunduki ya bei kubwa huo ni uzembe wa kiwandani usio na udhuru. Fundi huiondoa mikwaruzo hiyo kwa kung'arisha chemba.

Pia mpigaji anayevuta mkono nusu huacha ganda ndani. Kwa hiyo bunduki hupimwa kwa kuvuta mkono hadi mwisho, kwanza kwa risasi za kitako cha shaba, kisha za chuma. Zikikwama za chuma pekee, chemba ndiyo ya kuangaliwa. Zikikwama zote, kivuta ganda kikaguliwe pia.