Usugu wa Bakteria wa Kichomi

Mvua zinapoanguka juu ya vilima vya Tarime na nyanda za Serengeti, kikohozi cha watoto huwa ni jambo la kila mji. Mzazi aliye mbali na zahanati huenda dukani, akanunua vidonge vichache vya amoksilini kwa kadiri ya fedha aliyo nayo. Baada ya siku mbili mtoto hucheza, na dawa husifiwa.

Sifa hiyo mara nyingi si haki yake. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na amoksilini haina nguvu juu ya virusi. Lakini haikai bure mwilini. Puani mwa watoto wengi walio wazima huishi nyumokoki, bakteria aletaye kichomi. Dawa huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Penisilini na jamii yake hufanya kazi kwa kunasa protini zijengazo ukuta wa bakteria. Aliye sugu amebadili umbo la protini hizo, dawa ikakosa pa kushika. Isitoshe, nyumokoki huweza kuokota vipande vya urithi vya wenzake waliokufa, jambo ambalo Griffith alilidhihirisha kwa panya mwaka 1928, ingawa kiini chake kilikuwa bado hakijajulikana. Hivyo usugu uliozaliwa katika pua moja huhamia kwa jirani asiyemeza kidonge hata kimoja.

Nchini Tanzania hili limepimwa. Wilayani Kongwa, azithromaisini iligawiwa vijijini ili kuzuia trakoma. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, miezi 6 baadaye, watoto wa vijiji hivyo walibeba zaidi nyumokoki sugu kwa dawa hiyo kuliko wenzao wa vijiji visivyopewa. Trakoma hupofusha, na dawa ilistahili kutolewa. Gharama yake ilionekana puani.

Chanjo ya nyumokoki, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hupunguza haja ya dawa. Kwa mtoto akohoaye, kipimo cha kwanza ni pumzi, zikihesabiwa kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya kichomi. Huyo, pamoja na yule ambaye kifua chake hubonyea ndani avutapo pumzi, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Kuhesabu huko hakuhitaji maabara. Yatosha saa yenye mshale wa sekunde, na mtoto aliyetulia, asiyelia.