Mantiki: Mizani ya Kauli Zetu

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), aliyemtunuku mwanadamu akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mwaka wa 10 Hijiria, siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo hicho. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza, kwani kauli ile ilimtukuza mwanawe. Hakunyamaza. Aliwafundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa jua na mwezi ni ishara za Allah, wala havipatwi kwa kufa au kuishi kwa mtu yeyote.

Hapa tunapata kanuni: jambo kufuata jingine si dalili kwamba limesababishwa nalo. Ni nyumba ngapi zimekata udugu kwa kuwa mtoto aliugua baada ya shangazi kuzuru? Ziara ilitangulia, homa ikafuata, na hakuna aliyekumbuka kumpeleka mtoto akapimwe malaria.

Elimu ya kupima hoja maulamaa waliiita mantiki. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijiria (1111 Miladia), aliiandikia vitabu, na katika Al-Qistas al-Mustaqim akaonyesha kuwa mizani hiyo imo ndani ya Qur'ani. Ibn Taymiyya aliipinga mantiki ya Wayunani; hata hivyo naye aliipinga kwa hoja.

Msingi wake ni huu: kauli mbili za kweli zikiungana sawasawa, huzaa natija ya kweli. Kila kileo ni haramu; gongo ni kileo; basi gongo ni haramu. Sasa tutazame hii: mwizi akigunduliwa hukimbia, kijana huyu anakimbia, basi ni mwizi. Natija hii ni batili, kwani anayewahi basi hukimbia, na anayemfuata daktari hukimbia. Kwa kosa hilo hilo, wasio na hatia wamepigwa hadi kufa mitaani mwetu.

Ndiyo maana Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta.

Enyi wazazi, mtoto akisema fulani kaiba, tumuulize: umeona au umesikia? Je, haiwezekani kuwa na sababu nyingine? Nasi tukubali kuulizwa hivyo hivyo na watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.