Mshale na Chembe Yake: Uwindaji wa Kimya katika Bonde la Yaeda

Katika nchi za Marekani na Ulaya, ambako kuwinda paa ni starehe ya wengi na riziki ya wachache, umezuka katika miaka hii mjadala mrefu baina ya wenye bunduki juu ya risasi ziendazo polepole kuliko sauti. Nao si mjadala wa upuuzi, kwa kuwa kizuia sauti kinachofungwa kwenye mtutu huweza kuumeza mshindo wa baruti, walakini hakina hila ya kuuzima ule mpasuko ambao risasi yenyewe huufanya hewani inapopita mwendo wa sauti, yaani kadiri ya mita 340 kwa sekunde. Atakaye kimya sharti apunguze mwendo, naye apunguzaye mwendo hupunguza na nguvu, maana risasi ya kawaida ya kuwindia imeundwa ichanue ndani ya nyama kwa sababu ya kasi yake, na ikiikosa kasi hiyo hupenya upande huu ikatokea upande wa pili kama sindano, ikamwacha mnyama na tundu jembamba na mwendo mrefu wa mateso. Kwa hiyo wawindaji hao hushindana katika kuchagua: huyu hutaka risasi nzito, yule hutaka ya shaba iliyochanjwa ncha ili ichanue hata kwa mwendo hafifu, na wote hukubaliana kwamba hapana budi mtu amsogelee mnyama.

Haya ya ng'ambo nimeyatanguliza kwa sababu masuala hayo hayo, ya kimya na nguvu na ukaribu, yalikwisha kufikiriwa na kupatiwa jawabu tangu zama za kale wilayani Mbulu, Tanzania, na watu ambao hawakuwa na haja ya baruti. Mtu ashukaye kutoka nyanda za juu za Mbulu, penye baridi na mashamba ya Wairaqw yaliyopangwa juu ya miteremko, hufika katika bonde la Yaeda, nchi ya joto, mibuyu na vichaka vya miiba, ambamo pamoja na kandokando za Ziwa Eyasi huishi Wahadzabe, watu wasiozidi sana 1,300, wenye lugha ya vidoko isiyo na udugu uliothibitika na lugha ya jirani yeyote. Wengi wao leo hula unga wa mahindi kama sisi sote. Hata hivyo wamo, hasa katika pande za Mongo wa Mono na Domanga, ambao bado kitoweo chao kinategemea uta.

Mshale, hata utoke katika uta mgumu kiasi gani, haukaribii mwendo wa sauti. Na uta wa Mhadzabe ni mgumu kweli: kuuvuta hadi mwisho huhitaji nguvu ya ratili 70 hivi, na mgeni aliyezoea kalamu, nikiwemo mimi, hata nusu yake hafiki. Upote wake husokotwa kwa kano za wanyama wakubwa, na mti wake aghalabu ni ule uitwao kwao mutateko, ambao wataalamu wa mimea huujua kwa jina la Dombeya kirkii. Jina hilo msomaji na alihifadhi, kwani mwenyewe tutakutana naye baadaye. Lakini uta ni mmoja kwa kazi zote, na uchaguzi haupo hapo. Uchaguzi umo katika mishale, ambayo Mhadzabe huenda nayo mkononi pamoja na uta, kila mmoja ukiwa na chembe ya namna yake, naye huchagua kwa kitambo kifupi kuliko nilivyotumia kuiandika sentensi hii.

Wa kwanza ni mshale wa mti mtupu, usio na chuma hata chembe, wano lake limechongwa ncha na kukaushwa motoni. Huo ni wa kanga, wa kwale, wa pimbi, na wa watoto wanaojifunza shabaha. Thamani yake ni ndogo na ukipotea majanini hauliliwi. Wa pili ni mshale wa bapa la chuma, pana kama jani na lenye makali pande zote mbili, ambao wenyewe huuita kasama. Huu hauna sumu, na kazi yake ni kukata, kwa kuwa kitu kiendacho polepole hakiui kwa mshtuko bali kwa damu inayotoka, na kadiri jeraha lilivyo pana ndivyo damu inavyotoka upesi na ndivyo alama za njiani zinavyoonekana. Mtengenezaji risasi wa Marekani anayekesha akitafuta namna ya kuichanua shaba yake anatafuta, kwa njia ndefu na ya gharama, upana huo ambao bapa la kasama limezaliwa nao. Wa tatu ni mshale wa kigumba, chembe nyembamba yenye miiba inayorudi nyuma, na nyuma ya miiba hiyo imepakwa sumu nyeusi iliyozungushiwa ukanda wa ngozi, ili isikauke wala isimdhuru mchukuzi. Huu ndio wa swala pala, tandala, pofu, pundamilia na hata twiga.

Chuma hicho hakichimbwi Yaeda. Zamani kilipatikana kwa mabadilishano, asali na nyama zikienda kwa majirani na chuma kikirudi, na mpaka leo mafundi wanaosifiwa katika sehemu hizi ni wahunzi wa Kidatoga wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao huonekana Hanang na pia kando ya Eyasi. Hawa ni watu wa peke yao, wala Wadatoga wengine hawaoani nao, ingawa bila wao mfugaji hana mkuki na mke wake hana bangili. Ukimtazama mhunzi akifua chembe, utaona mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipumua kwa zamu, makaa yakibadilika kutoka wekundu kuwa karibu na weupe, na juu ya fuawe msumari wa dukani wa inchi 6 ukigongwa, ukigeuzwa, ukirudishwa motoni, ukigongwa tena, hata kichwa chake kitoweke na mwili wake utandazwe kuwa jani. Mhadzabe asiye na cha kumlipa mhunzi huuponda msumari mwenyewe kwa jiwe, bila moto, juu ya jiwe jingine. Huchukua muda mrefu zaidi, na chembe haing'ai, lakini nyama haichagui.

Sumu zipo mbili mashuhuri. Panjube hutoka katika utomvu wa mti mfupi wenye shina nene lililovimba na maua ya rangi ya waridi, Adenium, ambao watu wa mijini huupanda vyunguni kwa urembo bila kujua ni jamaa ya nani. Shanjo hutoka katika mbegu za Strophanthus. Zote mbili hufanya kazi ya namna moja: zikiingia katika damu huushika moyo, zikauvuruga mpigo wake hata usimame. Nguvu yao zinapoliwa ni ndogo kuliko zinapoingia kwa jeraha, na hiyo ndiyo sababu nyama iliyozunguka kidonda hukatwa ikatupwa, na iliyobaki ikaliwa na kijiji kizima kwa amani.

Hapa ndipo anapoingia yule mwenye jina. John Kirk, ambaye Zanzibar ilimjua kama balozi mdogo wa Waingereza aliyemshurutisha Sayyid Barghash kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, hapo kabla alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea katika safari ya Livingstone ya Zambezi, kati ya 1858 na 1863. Huko aliichukua sumu ya mishale ya wenyeji, akaiweka pamoja na vyombo vyake, na mswaki wake ukapata kuguswa nayo. Alipousafishia meno alihisi uchungu kinywani na akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mtu mwingine angeutupa mswaki. Kirk aliandika, na sampuli zikafika Edinburgh, ambako Thomas Fraser alizichunguza na kuitoa strofanthini, dawa ambayo kwa miongo mingi iliwatuliza wagonjwa wa moyo wa Ulaya. Hata katika karne ya 20, wabaini, ndugu yake strofanthini, ndiyo iliyowasaidia wataalamu kuielewa pampu ya chumvi iliyomo katika kila chembe hai ya mwili, ugunduzi uliompatia Jens Christian Skou wa Denmaki tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Lakini sumu haiondoi wajibu wa kukaribia. Mwindaji hutaka awe ndani ya hatua 30, na kama ni pungufu ni heri zaidi. Kwa hiyo katika miezi ya kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, wanaume hujificha usiku karibu na visima wakisubiri wanyama waje kunywa. Uta haupigi kelele ya kuwatawanya wengine, na mnyama aliyepigwa mara nyingi hukimbia kitambo kisha hupunguza mwendo, kwa sababu hakusikia cha kumwogofya zaidi. Mwindaji hamfuati. Hukaa, pengine huvuta tumbako, pengine hurudi kambini, na ikiwa jua limekwisha shuka hungoja mpaka alfajiri, ndipo huenda na wenzake kusoma nyayo. Subira hiyo ina hatari zake, maana fisi nao wanajua kusoma, na simba hahitaji kuambiwa; illa kumkurupusha mnyama aliyejeruhiwa ni kumfanya aende mbali kupita uwezo wa mtu wa kubeba nyama.

James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kukaa nao mwaka 1958 na ambaye maandishi yake kwa maoni yangu hayajapitwa, aliona katika mishale hii jambo ambalo mtu wa risasi hawezi kuliona. Wahadzabe hawana chifu, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba kila mwanamume anacho chombo cha kuua kwa kimya, ambacho kinaweza kumfikia yeyote akiwa amelala au akiwa peke yake porini. Katika hali hiyo, atakayejitukuza juu ya wenziwe huangalia mgongo wake. Kadhalika aliueleza mchezo wao wa kamari, lukuchuko, ambao wanaume hurusha vipande vya magamba ya miti kwenye shina la mti na kuwekeana vitu dau. Mishale ya chuma, ya sumu na isiyo na sumu, huchezewa, ikatoka kambi hii ikaenda kambi ile; lakini uta wa mtu, mishale yake ya mti ya kupigia ndege, na mfuko wake wa ngozi, havichezewi kamwe. Basi aliyenyang'anywa vyote na bahati bado anaweza kuondoka asubuhi akarudi na kanga.

Mwaka 2007 bonde hili lilijiwa na uwindaji wa aina nyingine, pale kitalu cha Yaeda Chini kilipotolewa kwa kampuni ya uwindaji iliyohusishwa na ukoo wa watawala wa Abu Dhabi. Malalamiko ya wenyeji yalisikika mbali, na kabla mwaka haujaisha kampuni ilijitoa. Miaka minne baadaye, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi ya hektari 20,000 hivi, na miti iliyomo huwaletea fedha za hewa ukaa. Hati hiyo huzuia jembe, na kwa kiasi fulani huzuia ng'ombe wa wageni wakati wa ukame, ingawa wafugaji hao nao wana kisa chao: wengi walisukumwa kutoka nyanda za Basotu huko Hanang, ambako kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya serikali, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua malisho yao bora. Ng'ombe alipoingia Yaeda, maji ya visima yalipungua, na pundamilia akaacha kuja mahali ambapo mwindaji alizoea kumngojea. Sumu huchemshwa kwa ajili ya mnyama mkubwa. Asipokuwepo, kigumba hubaki kimefungwa ukanda wake wa ngozi mwezi hata mwezi, na mshale unaotoka kila siku ni ule wa mti, wa pimbi na wa kanga.