Buibui na Utando Wake wa Mviringo

Mtu apitaye asubuhi na mapema katika vijia vya nyanda za juu za Mwese, mvua za Aprili zinapokaribia kwisha, huenda akapigwa usoni na kitu chororo chenye kunata. Hupangusa uso, akaokota fimbo, akauvunja utando wote uliobaki. Leo twataka kuuzuia mkono ule kidogo, ili tumtazame mwenye nyumba.

Buibui si mdudu kama nzige. Mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili, wala hana mabawa wala vipapasio. Miongoni mwa wafumao tando za mviringo katika Afrika ya Mashariki, aonekanaye upesi ni yule mkubwa wa jamii ya Nefila, ambaye nyuzi zake hung'aa juani kama dhahabu. Huyo tumwonaye katikati, kichwa chini, ni jike. Dume ni mdogo hata wengi humdhania kuwa ni mtoto wake. Hukaa pembeni kwa hadhari, maana huenda akaliwa.

Basi, avukaje kijia asichoweza kukiruka? Husimama juu ya tawi, huinua tumbo lake, na kuachia uzi mwembamba uchukuliwe na upepo. Uzi ukinasa ng'ambo, huukaza, akapita juu yake akiuongezea nguvu. Hilo ndilo daraja lake. Kisha huweka uzi mwingine uliolegea, akashuka kutoka katikati yake hata chini, ikawa umbo la herufi Y. Mahali zikutanapo nyuzi tatu ndipo kitovu. Kutoka hapo huvuta nyuzi kila upande, kama njiti za gurudumu la baiskeli. Ndipo huzunguka toka kitovuni kwenda nje akiweka uzi mkavu, mfano wa jukwaa la mwashi. Mwisho hurudi toka nje kuja ndani akiweka uzi wenye ulimbo, na wengi huuondoa ule mkavu kadiri waendavyo; Nefila huuacha. Kazi hii huweza kufanyika gizani, kwa sababu macho yao ni dhaifu, na miguu ndiyo iongozayo.

Je, tukiuvunja utando twavunja nini? Nyuzi zile zimetoka mwilini mwake, zimefanyizwa kwa chakula alichokula. Ndiyo sababu wengi wa jamii hizi huula utando mkuukuu kabla ya kufuma mpya. Aliyevunjiwa amepoteza mtego, na nyuzi zenyewe pia. Naye hutusaidia kwa kula nzi, nondo na panzi. Ni nadra amuume mtu, na maumivu yake kwa kawaida hupita upesi.

Katika Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, nyuzi za buibui wa dhahabu zaidi ya 1,000,000 zilifumwa vazi lililoonyeshwa London mwaka 2012. Buibui wenyewe walirudishwa porini.

Atakaye kuyaona haya na atwae jani jembamba la nyasi, auguse utando polepole ukingoni. Buibui atageuka papo hapo kuelekea mahali palipotikiswa, hata kama hajaliona jani.