Ugomvi wa Mtaani Unapofika kwa Hakimu

Mpaka wa kiwanja cha urithi, maji machafu yanayotiririkia ua wa jirani, maneno makali baina ya mawifi: mambo ya namna hii huanza kwa sauti kupanda na yaweza kuishia katika kituo cha polisi. Hasira zikishapoa, wahusika hustaajabu kuambiwa kwamba makelele yale yana jina katika sheria. Kwa ajili hiyo tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi sheria ya Kenya inavyolitazama jambo hili.

Kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kumtolea mtu matusi, au kuzua fujo, kwa namna inayoelekea kuvunja amani. Adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi 6. Si lazima mtu awe ameumia. Linalopimwa ni kama kitendo chenyewe kilielekea kuvunja amani, na ni juu ya upande wa mashtaka kulithibitisha hilo. Wakipigana watu hadharani, shtaka laweza kuwa la kifungu cha 92, ambacho adhabu yake hufika mwaka 1.

Wapo wanaodhani kwamba ugomvi wa mume na mke, kwa kuwa wameoana kwa sheria ya dini, utamalizwa na Kadhi. Katiba imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Makosa ya jinai hayamo. Talaka yaweza kusikilizwa kwa Kadhi, na fujo iliyozuka siku ya talaka ikasikilizwa kwa hakimu.

Aliyekamatwa ana haki zake. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoifahamu, aruhusiwe kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Ibara hiyo hiyo inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Na kosa la kifungu cha 95 limo humo.

Hatari kubwa iko pale mshtakiwa anaposomewa shtaka. Kijana huambiwa na wenziwe, "Kiri tu, utalipa faini, uende zako." Kweli hakimu aweza kumtoza faini badala ya kumfunga, au kumpa kazi ya huduma kwa jamii. Lakini faini haimfanyi kuwa hana hatia. Na aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe katika mahakama ya hakimu hawezi kukata rufaa ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Miaka ikipita, anapotafuta kazi hapa nyumbani au Ghuba, ataombwa cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, na hatia ile ya zamani yaweza kuonekana hapo.

Mlango wa sulhu haujafungwa. Ibara ya 159 inazitaka mahakama zihimize upatanisho, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 176, inairuhusu mahakama kuwapatanisha wahusika katika shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo mazito. Basi wazee wa pande zote mbili na wakae mapema, kabla shtaka halijajibiwa, na makubaliano yao yapelekwe mbele ya hakimu. Mapatano ya barazani peke yake hayaifuti kesi iliyokwisha kufunguliwa.

Tunawasihi wazazi wawafunze watoto wao mambo haya wangali nyumbani. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara hii huandikwa, ikahifadhiwa.